Mbayuwayu wa Tisa

Bwenini, Chuo cha Sanaa
2 Machi 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mayai uliyonifungia yamefika mawili mazima, mengine niliyala njiani yakiwa yamepondeka. Usinicheke.

Mama, kaa chini kwanza. Kama unakanda unga, nawa mikono uje ukae.

Jumatatu Mwalimu Shen alituingiza kwenye ukumbi wa chuo kutazama vitu vilivyokusanywa na walimu miaka yote. Masanamu ya jasi yasiyo na mikono, farasi wa shaba, picha za milima ambayo sisi tuliozaliwa huko tunaiona kila tukienda kuchota maji. Mimi nilikuwa nimenuna. Kabla ya likizo Mwalimu aliizunguka sanamu yangu mara mbili, akasema, "Suyun, kazi yako imeshiba mno." Darasa zima likaangua kicheko. Sijui mpaka leo alikuwa na maana gani, ila nisipotoa kazi nyingine kabla ya Mei, sihitimu. Hilo sikukuambia nilipokuwa nyumbani, nisamehe.

Basi mwisho wa ukumbi, ndani ya kioo, kuna mkate. Mkate wetu wa mvuke, Mama, ule mkubwa wa kaburini wa siku ya Qingming tunapozuru makaburi, umekauka mpaka umekuwa rangi ya mfupa. Nyoka kajiviringisha juu, mbayuwayu wamemzunguka. Wenzangu wakasema, "Hee, siku hizi hata chakula kinafungiwa kiooni?" Mimi nilikuwa nimeganda. Magamba ya yule nyoka yamebonyezwa kwa kitana. Mistari minne, nafasi, mistari miwili, nafasi, kisha mistari hadi mwisho. Ni kitana chako cha mti wa mkunazi, kile kilichong'oka meno mawili. Nimekitumia tangu nina miaka mitano, nakijua kama ninavyokijua kikohozi chako.

Kibandiko kinasema: "Mkate wa kaburini. Kijiji hakijulikani. 1973. Msanii hajulikani."

Mama, si ndio ule? Ule uliowagombanisha wewe na mkaza mjomba Xianglian? Nijibu upesi, silali.

Mwanao,
Suyun


Haojiaping
8 Machi 1994

Suyun,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeunguza uji. Mtoto gani wewe, unamwamuru mtu mzima akae chini? Haya, nimekaa. Tangu hapo sijainuka vizuri.

Nikukumbushe, maana siku ile ulikuwa mgongoni kwangu na kazi yako ilikuwa kunikojolea tu. Bibi yako alikufa vuli, na Qingming ile ilikuwa yake ya kwanza. Mila zilikuwa marufuku. Ukikutwa na mkate wa kaburini, unasimamishwa mbele ya kijiji na ubao shingoni. Nilidunduliza unga mweupe miezi sita, kijiko kwa kijiko, nikaufinyanga alfajiri. Nyoka, kwa kuwa bibi yako alizaliwa mwaka wa nyoka. Mbayuwayu tisa, kwa watoto tisa aliowazaa, ambao tulibaki wawili, mimi na kaka yangu Baoshan. Sisi wawili nilituweka kichwani pa nyoka, mimi kushoto, yeye kulia.

Nikauweka kaburini. Mara nasikia sauti za watu wa doria, nikatimua mbio nawe hadi bondeni. Narudi adhuhuri, hakuna kitu! Na njiani nakutana na nani? Wifi yangu Xianglian anateremka, kamshika mkono Xiaoman wake, na mtoto anatafuna.

Unajua mkate wa kaburini unateremshwa nyumbani, unagawiwa nyumba zote za watoto wa marehemu, unaliwa. Usipoliwa na wanawe, marehemu naye hajala. Mama yangu ana njaa mwaka wa ishirini na moja huu. Nilimwita Xianglian mwizi wa mkate kisimani, mbele ya watu, bila kutaja mkate gani, sikuwa mwendawazimu. Akaapa kwamba hakuuchukua. Nikamtemea mate miguuni. Hata alipokufa kaka yangu, nilisimama upande wa pili wa jeneza.

Sasa waniambia uko kiooni! Hesabu mbayuwayu. Wakiwa tisa, wifi yangu hakuugusa, na mimi ni mbwa. Wakiwa pungufu, basi macho yangu hayakunidanganya. Hesabu mmoja mmoja kwa kidole, usiniletee habari za kukisia. Na mwulize huyo Shen aliupata wapi.

Kitana nimekitia humu ndani ya soksi. Kapime.

Mama yako,
Bai Cui'e


Bwenini
13 Machi 1994

Mama,

Shikamoo. Nimepima kwa kitana kupitia kioo. Ndio wenyewe. Nilimwuliza Mwalimu Shen aliupata wapi, akajibu "Mlimani," akafunga vitabu vyake akatoka.

Nimehesabu. Tisa.

Suyun


Bwenini
13 Machi 1994

Dada Xiaoman,

Mama zetu wangejua tunaandikiana tangu sekondari, wangetuchapa fimbo moja, na hilo ndilo jambo pekee wangelifanya pamoja. Leo sina utani mwingine.

Mkate wa bibi uko hapa chuoni, kwenye kioo. Kuna mwalimu aliuokota. Mama ameniambia nihesabu mbayuwayu: wakiwa tisa, mama yako hana kosa, na mama yangu ataomba radhi. Nimehesabu mara sita. Wako wanane. Kulia mwa kichwa cha nyoka pana kovu, mahali palipobanduliwa kitu.

Nimemwandikia kwamba ni tisa. Barua imekwenda leo asubuhi. Sijawahi kumdanganya mama yangu jambo kubwa hivi.

Wewe ndiye uliyekuwa unatafuna. Ulikuwa na miaka minne. Unakumbuka chochote? Niambie ukweli, hata ukiwa mbaya.

Mdogo wako,
Suyun


Baijiagou
18 Machi 1994

Suyun mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako zizini, mbuzi wakinichungulia.

Nakumbuka. Kwa miaka mingi nilidhani ni ndoto. Kitu kitamu mdomoni, laini, sijawahi kula kitu cheupe vile, na katikati yake punje ngumu. Nikaitema. Mama akainama, akaiokota kwenye vumbi, akaitia mdomoni mwake. Nadhani ilikuwa mbegu ya jicho la mbayuwayu. Alinipa kichwa na mabawa, mkia akala yeye. Akasema, "Ukimwambia mtu, nitakushona mdomo." Mkate wenyewe aliuacha palepale. Kwa hiyo kiapo chake hakikuwa cha uongo, na pia hakikuwa cha kweli sana.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuandikia wakati wa mwaka mpya. Mama anaumwa. Ni uvimbe wa tumbo. Hospitalini walisema nimrudishe nyumbani nimpe anachotaka. Anachotaka ni uji wa mtama vijiko vitatu, na kila jioni anauliza, "Wifi yangu hajapita?" Nikimuuliza wifi yupi, ananigeuzia mgongo.

Tisa ni tisa, Suyun. Umeshasema, usirudi nyuma. Mama yako na aje na radhi yake, mama yangu aipokee, alale. Akijua wanane hatakuja, au atakuja kupiga kelele. Nakuomba kwa roho zetu zote mbili.

Dada yako,
Xiaoman


Haojiaping
19 Machi 1994

Suyun,

Tisa. Basi mimi ni mbwa.

Nimelia siku mbili. Baba yako alidhani meno yananiuma, akaniletea karafuu. Miaka ishirini na moja nimempita yule mwanamke sokoni kama ninavyopita kinyesi cha punda! Amemzika mume wake peke yake, na huyo mume alikuwa kaka yangu. Juzi muuza chumvi kaniambia kwamba anaumwa, amebaki mifupa, huenda asiione Mei.

Lakini siendi mikono mitupu. Nitaingiaje? "Samahani wifi, nilikosea kidogo"? Nautaka mkate. Ni wangu, ni wa mama yangu. Ulete au utume, ufike kabla ya Qingming. Nitauweka kitandani pake, nitawahesabu mbayuwayu mbele yake mmoja mmoja mpaka tisa, kisha nitapiga magoti. Halafu tutaula, na mama yangu atakula.

Usiniambie habari za kibali. Aliyeuchukua alipewa kibali na nani?

Mbona barua yako ilikuwa fupi vile? Hata chakula hukunitajia. Wewe ukiandika kifupi huwa una homa au una uongo. Funika kifua.

Mama


Bwenini
25 Machi 1994

Dada Xiaoman,

Amesema atawahesabu mbele ya mama yako. Kwa hiyo lazima wawe tisa.

Mpishi Kang wa jikoni la wanafunzi ameniachia sufuria lake la mvuke kila siku baada ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza alinitazama nikikanda, akasema, "Binti, wewe ni msomi wa unga? Nami niombe shahada basi." Nyoka wangu wa kwanza alipasuka mgongo. Wa pili alivimba akawa kama nguruwe. Nilisahau kwamba mama huuacha unga mgumu, asubuhi ya baridi, na kwamba hafinyangi akiwa ameshiba. Juzi nilikanda tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, harufu ya hamira ikinisokota utumbo, nami nikauzuia mkono wangu usimege hata kipande. Yule nyoka alitoka akiwa hai. Nikaelewa alichosema Mwalimu Shen kuhusu sanamu yangu. Nililia juu ya sufuria, Mpishi Kang akasema chumvi imetosha.

Nimefinyanga mkate mzima wenye mbayuwayu wanane na kovu, nimeukausha juu ya jiko la makaa, nimeupaka maji ya chai upate rangi ya kale. Huo utakaa kiooni. Na nimefinyanga mbayuwayu mmoja peke yake, wa kubandika kwenye ule wa kweli kwa gundi ya unga. Mbegu za macho nimezitoa kwenye pilipili ya jikoni.

Jumamosi ukumbi unafungwa saa sita mchana, na ufunguo wa kioo unakaa kwenye mtungi wa brashi wa Mwalimu. Nikikamatwa nitafukuzwa, miaka minne imekwenda na maji. Naogopa, Dada. Ila namwogopa zaidi mama akifika kwenye wanane.

Suyun


Chuo cha Sanaa
29 Machi 1994

Kwa Bibi Bai Cui'e, Haojiaping

Bibi,

Hunijui. Mimi ni Shen Mingyuan, mwalimu wa binti yako. Kifurushi kilichokuja na barua hii kishike kwa uangalifu, kisha usome.

Jumamosi nilirudi ukumbini kuchukua miwani. Nilimkuta binti yako kafungua kioo. Mezani palikuwa na mikate miwili, na nakiri kwamba kwa kitambo kidogo sikujua upi ni upi, mimi niliyeishi na mmoja wao miaka ishirini na moja. Mkononi alikuwa na mbayuwayu mmoja mpya. Nikamwuliza, "Na huyu wa nini?" Akajibu, "Wa amani nyumbani." Kisha akaweka kitana mezani, nikakilinganisha na magamba ya nyoka.

Mwaka ule nilikuwa nimepelekwa wilayani kwenu kubeba samadi na kujifunza kwa wakulima. Nilipita kaburini karibu na adhuhuri. Nilijiambia nauchukua ili watu wa doria wasiukute wakamtafuta aliyeufinyanga. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile, nikakitaka. Nilikuwa na njaa, na sikuula. Nimekuwa nikijisifia hilo moyoni. Sasa naona kwamba kuula kungekuwa dhambi ndogo.

Jambo moja lazima nilitaje, maana sitaki uongo mwingine juu ya mkate huu. Nilipouokota ulikuwa na mbayuwayu wanane. Wa kulia kichwani alikuwa amekwisha banduliwa, na mahali pake palikuwa bado pabichi. Binti yako alikuambia tisa. Nilimkuta akitaka kuufanya uwe tisa. Huyo mbayuwayu wake nimemfunga kwenye karatasi peke yake. Utafanya uonavyo.

Kioo kilikutwa wazi na mlinzi pia, kwa hiyo kamati ya chuo inamhoji binti yako wiki ijayo na hawezi kusafiri. Mimi nimeiandikia kamati kuwaeleza mwizi ni nani.

Sistahili kukuomba radhi, ila naomba.

Shen Mingyuan


Baijiagou, nyumbani kwa Xianglian
6 Aprili 1994

Suyun,

Niko kwa wifi yangu. Naandika juu ya kifuniko cha pipa lake la mahindi, na Xiaoman ananichungulia begani, kwa hiyo nitaandika vizuri.

Kifurushi kilifika tarehe tatu. Nikahesabu. Nikaisoma barua ya mwalimu wako. Nikamchukua mbayuwayu wako nikamtupa ukutani, hakuvunjika. Umemfinyanga vizuri, mjinga wewe. Nilikutukana mpaka baba yako akatoka nje kwenda kuwasikiliza punda. Wewe nilikuzaa ili unifiche wifi yangu kala nini? Ukaniacha nilie siku mbili na kujiita mbwa bure!

Siku ya Qingming nikautia mkate kapuni, nikavuka mlima. Saa tatu za kutembea, na hatua zote nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia, wanane! Nitamwambia, kiapo chako kiko wapi? Na mbayuwayu wako nilimtia mfukoni, nimwonyeshe jinsi alivyowafanya hata watoto wetu kuwa waongo.

Nikaingia. Suyun, yule mwanamke alikuwa anabeba magunia mawili. Sasa amekuwa kitu kidogo ndani ya blanketi. Akanitazama, akautazama mkate. Sijafungua mdomo, akasema, "Wa kulia yuko tumboni mwangu, Cui'e. Wa Baoshan. Mkate sikuuchukua. Nilimmega mume wangu tu."

Nikaliweka kapu chini, nikaketi ukingoni mwa kitanda.

Akasema, "Nilifikiri ni fungu letu. Mtoto alikuwa analia njaa. Nikajiambia wifi atateremka, atapita kwetu na fungu letu, basi nimetanguliza kidogo." Akapumzika. Kisha akaniuliza taratibu, "Ulikuwa umekusudia kupita kwetu?"

Hilo swali alikuwa nalo miaka ishirini na moja.

Sikukusudia, Suyun. Hakuna anayejua ila wewe sasa, na Xiaoman ambaye anasoma huku analia. Maziwa yalikuwa yananikauka, nawe ulikuwa unanyonya hewa. Nilikuwa nimepanga kuuteremsha mkate wote kwangu, nifunge mlango, tule mimi na baba yako. Kaka yangu sikumwambia hata kwamba ninafinyanga. Nilimnyima ndugu yangu fungu la mama yetu, halafu nikamwita mkewe mwizi. Na pale kisimani, neno moja tu, "mkate wa kaburini," lingenitundika ubao shingoni mbele ya kijiji kizima. Alikuwa nalo mdomoni. Nikamtemea mate, na bado hakulitoa.

Nikamwambia, "Hapana. Sikukusudia." Akasema, "Nilijua. Nilitaka tu ulitamke." Nikapiga magoti, naye akanishika nywele kwa nguvu kama zamani tulipokuwa wasichana wa nyumba moja, akasema, "Inuka, unanizibia jua."

Tuliula. Mkate wa zamani Xiaoman aliutwanga kwenye kinu, tukaupika kwenye uji, ukawa na ladha ya vumbi na sanduku. Mimi nilimaliza bakuli. Xianglian hakuweza. Nikamkumbuka yule wako mfukoni. Tukamtia kwenye mvuke tena, akalainika. Nikammega, kichwa na mabawa nikampa Xiaoman, mkia nikamlisha wifi yangu kwa mkono wangu. Akatafuna muda mrefu sana. Akasema, "Huyu kafinyangwa na nani? Ana mkono mzuri kuliko wako." Nikamwambia ni mpwa wake mwongo. Akacheka, ikamwuma, akacheka tena. Usiku huu kalala. Nami nalala hapa, mlango wa pili, mpaka saa yake itakapofika.

Kamati yenu nimeiandikia: mtu haibi mkate wa bibi yake. Wakikufukuza, njoo, unga upo. Wasipokufukuza, rudisha mkate wako kwenye kile kioo. Kovu usilizibe, waache wanane. Na pale walipoandika kwamba msanii hajulikani, futa. Andika: "Umefinyangwa na Bai Cui'e, mchoyo. Umemegwa na Liu Xianglian, mwenye fungu."

Kitana kirudishe, nina kazi nacho. Qingming ijayo nitafinyanga mikate miwili.

Mama yako,
Cui'e